Mgonjwa Anaposema Anataka Kufa: Namna ya Kumwelewa na Hatua za Kuchukua Wodini

Mgonjwa aliyelazwa akisema amechoka kuishi, kauli yake inaweza kuwa na moja kati ya maana nne. Huenda maumivu yamemshinda. Huenda ana sonona na amekwisha kupanga kujiua. Huenda fahamu zake zimevurugika kwa homa, dawa au sukari iliyoshuka, na kesho hatakumbuka alichosema. Au ni mtu mwenye akili zake timamu, anajua ugonjwa umefika wapi, na anakataa matibabu ambayo hayatamponya ili siku zilizobaki azimalize kwa utulivu.

Kila hali ina njia yake, na hatari kubwa iko katika kukimbilia hatua kabla ya kujua ni ipi. Muuguzi anayemhesabu kila anayekataa dripu kuwa anataka kujiua atamfunga mzee kitandani bila sababu. Ndugu anayesema "amechoka tu, kesho atakuwa sawa" anaweza kumpoteza mgonjwa usiku huohuo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na ndugu wanaouguza katika hospitali za Tanzania na Kenya. Kama unausoma na wewe mwenyewe una mawazo ya kujiua, mwambie mtu mmoja sasa hivi: muuguzi wa zamu, ndugu, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ukiwa Kenya unaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu. Ukiwa Tanzania nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, saa yoyote, na useme wazi kwamba una mawazo ya kujiua, ili usiachwe kwenye foleni.

Kauli utakazozisikia

Ni wachache wanaotamka neno kujiua. Wengi husema: "Namwomba Mungu anichukue." "Nimewachosha." "Msiuze shamba kwa ajili yangu." "Mkinizika mtapumzika." "Nirudisheni nyumbani nikafie kwetu."

Kauli hizi hazina uzito sawa. Kutaka kufia nyumbani, kwa mtu mwenye saratani iliyosambaa, mara nyingi ni ombi la kawaida kabisa na linastahili kupangiwa safari. "Nimewachosha" ni ya kutiliwa shaka zaidi kuliko inavyosikika. Mtu anayejiona mzigo huanza kuamini kwamba kifo chake kitakuwa msaada kwa watoto, na imani hiyo imo miongoni mwa dalili zinazotangulia kujiua. Anayewaita watu mmoja mmoja kuwaaga, kugawa vitu vyake au kuomba radhi ilhali hali ya mwili wake haijabadilika, aulizwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa aliyekuwa akihangaika siku kadhaa kisha akatulia ghafla bila sababu inayoeleweka. Utulivu huo huwafurahisha ndugu, na wakati mwingine maana yake ni kwamba amekwisha kuamua.

Zipo siku za kuongeza macho: wiki za mwanzo baada ya mtu kuambiwa ana saratani au VVU, baada ya kukatwa kiungo, siku alipoletewa bili ya hospitali, na siku ya kuruhusiwa kwenda kwenye nyumba asikotaka kurudi. Usitegemee faili liseme aliwahi kuugua akili. Wanaojiua katika wodi za kawaida, za upasuaji au za magonjwa ya ndani, wengi hawana historia hiyo. Kinachoonekana kabla ni maumivu yasiyotulizwa, kukosa pumzi, kukosa usingizi, na wasiwasi wa kutotulia mahali pamoja.

Muulize, tena kwa neno lenyewe

Watumishi wengi huogopa kwamba wakiuliza watamtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aliyekuwa nalo hupata nafuu kwa kupata mtu wa kumwambia, na asiyekuwa nalo hujibu hapana na mazungumzo yakaendelea.

Tatizo kubwa zaidi ni mahali. Katika wodi iliyojaa, mgonjwa hawezi kujibu swali hili huku jirani akisikiliza. Msogeze kwa kiti cha magurudumu hadi barazani au kwenye chumba cha kufungia vidonda. Akiwa hawezi kuinuka, zungusha pazia, subiri saa ya kuona wagonjwa ipite, uwatume ndugu wakalete maji ya moto. Kaa kwenye kiti. Aliyesimama na faili mkononi hupewa majibu ya haraka.

Salamu zisikupoteze. "Hujambo mama?" itajibiwa "Sijambo, namshukuru Mungu" hata na mtu aliyekesha akilia. Hiyo ni adabu tu, hujapata jibu bado. Anza na mwili, kisha usiku, kisha moyo. Kwa mzee mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, mwanangu."
"Nimeona usiku hukulala. Ni maumivu, au mawazo?"
"Yote."
"Pole sana. Mzee, wenye maumivu kama haya wakati mwingine hufika mahali wakaona heri wangekufa. Na wewe yamekufika hayo?"
"Kila siku."
"Na umewahi kufikiria kujiua, mwenyewe, kwa mkono wako?"

Hapo nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi ikibidi. Akisema ndiyo, endelea taratibu: mawazo hayo yalianza lini, yanakuja mara ngapi, amefikiria atafanyaje, kitu hicho yuko nacho au anaweza kukifikia, aliwahi kujaribu zamani, na ni nini kimemzuia hadi leo. Malizia na hili: "Sasa hivi, tukiwa tumekaa hapa, unayo mawazo hayo?" Swali la nini kimemzuia usiliruke, kwa sababu jibu lake, awe mjukuu, imani au ahadi aliyompa mke wake, ndilo utakalolijenga baadaye.

Fomu zipo pia. Swali la 9 la PHQ-9, fomu ya kupima sonona, linauliza kama katika wiki 2 zilizopita mtu ameona ni heri angekufa au amefikiria kujidhuru. Linafaa kwa kuanzia, lakini linachanganya kutamani kufa na kutaka kujiua ndani ya swali moja, kwa hiyo kila anayejibu ndiyo aulizwe tena kwa mdomo. ASQ, fomu ya kuchunguza mawazo ya kujiua, ina maswali manne mafupi, na la tano la hali ya sasa huulizwa mtu akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo. Haichukui hata dakika moja.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni swali linalojijibu: "Huna mawazo mabaya, eti?" Mgonjwa atakubaliana nawe ili usiaibike. La pili ni kumfanya mjukuu awe mkalimani wa bibi asiyejua Kiswahili vizuri. Bibi hatamwambia mjukuu kwamba anataka kufa, na mjukuu akiambiwa hatalitafsiri. Tafuta mtumishi anayejua lugha hiyo, hata kama ni wa wodi nyingine.

Akijibu ndiyo

Mwenye mpango na kitu cha kutekelezea mpango huo asiachwe peke yake hata dakika tano, hata anapokwenda chooni. Mtumishi aliyepewa kazi hiyo akae mahali anapoweza kumfikia kwa mkono. Mwenye mawazo bila mpango anaweza kuangaliwa kila baada ya muda mfupi, lakini usizoee saa zilezile. Zoezi la kila saa kamili linafahamika kwa mgonjwa baada ya siku moja.

Mwite daktari wa zamu na mtaalamu wa afya ya akili kama yupo. Kitanda kihamishiwe karibu na meza ya wauguzi, mbali na dirisha kama wodi iko ghorofani. Mfuko alioletewa kutoka nyumbani ukaguliwe mbele yake na kwa heshima, ukimweleza sababu. Wagonjwa wengi huja na dawa zao za zamani bila mtu kujua, nazo zikabidhiwe kwa muuguzi. Dawa za wodini azimeze mbele yako, ukae naye kidogo. Kitasa cha choo kiwe cha kufunguka kwa nje.

Ndugu anaweza kukaa naye, na kwa hospitali zenye wauguzi wawili usiku kwa wodi nzima mara nyingi ndiye pekee aliyepo. Lakini aambiwe ukweli: anamwangalia nani, kwa nini, akichoka ampishe nani, akiona nini aite. Ndugu aliyeambiwa tu "kaa naye" atakwenda kununua chai.

Andika kwenye faili maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, saa, na nani amearifiwa. "Mgonjwa ana huzuni" haimsaidii wa zamu inayofuata. "Amesema saa 3 usiku: sitaki kuiona Ijumaa" inamsaidia. Wakati wa kukabidhiana zamu semeni kwa mdomo mbele ya kitanda husika, kwa sauti ya chini. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi: jioni alijulikana, asubuhi hajulikani.

Usimwapishe. Kumshikisha Msahafu au Biblia na kumtaka aahidi kwamba hatajiua hakujaonekana kumzuia mtu, ila kunamfundisha kuficha. Usimhubirie dhambi usiku huo. Akitaka shehe, padri au mchungaji, mwitie, ukizungumza naye kwanza ili aje kumfariji na asije kumhukumu. Kumfunga kamba huongeza hofu na fujo, na kamba yenyewe ni hatari.

Kuhusu sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inakutaja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichokuwa na adhabu hiyo kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi huwafanya ndugu waseme "alikosea chupa" au "aliteleza", na daktari akatibu jambo asilolijua. Waambie mapema kwamba kazi ya wodi ni kutibu. Anayeletwa akiwa mahututi atibiwe kwanza, PF3, fomu ya polisi, itafuata.

Kabla ya kuandika "sonona"

Kuvurugika fahamu ndiko kunakokosewa mara nyingi zaidi. Kunaanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, kunapanda na kushuka, na huzidi usiku. Mgonjwa anaweza kupayuka, kung'oa dripu na kutaka kuruka dirishani kwa kuwa anaona watu wanaomfuata. Huyo hajaamua kufa, anakimbia. Yuko pia aliyevurugika kimyakimya: amelala, hajibu, hali, haangalii mtu. Huyu wa pili ndiye anayeandikiwa dawa za sonona wakati kumbe ana nimonia.

Kipimo cha kitandani ni rahisi. Mwambie ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma, au ahesabu kutoka 20 hadi 1. Mwenye sonona atakwenda polepole na kuchoka, lakini atafuata. Aliyevurugika fahamu atapotea njiani, atarudia, au atasahau umemuuliza nini. Waulize ndugu swali moja: "Hivi ndivyo alivyokuwa wiki iliyopita?" Kisha tafuta chanzo: sukari, homa na maambukizi, oksijeni, mkojo uliozuilika, figo, chumvi za damu, malaria. Kwa mnywaji wa pombe aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, kutetemeka na kuona vitu hutokea zaidi siku ya pili hadi ya nne baada ya pombe kukatika, na hiyo ni dharura ya kutibiwa kwa dawa.

Pitia orodha ya dawa pia. Saikloserini ya kifua kikuu sugu inaweza kuleta sonona na hata wazimu. Efavirenzi ya VVU imejulikana kwa ndoto mbaya na mawazo ya kujiua, na bado kuna wanaoitumia. Prednisoloni na deksamethasoni humpandisha mtu hadi asilale, au kumshusha. Levetirasetamu ya kifafa huleta hasira na majonzi. Mabadiliko ya hisia yakianza siku chache baada ya dawa mpya, mwambie daktari. Usiikatize mwenyewe, hasa prednisoloni, ambayo kuiacha ghafla kunaweza kuua.

Sonona yenyewe kwa mgonjwa wa mwili haipimwi kwa kukonda, kukosa hamu ya kula au kukosa usingizi, kwa kuwa ugonjwa wake pekee unatosha kuleta hayo yote. Angalia mambo ambayo saratani au figo haiyaleti: kujiona hana thamani, hatia isiyo na msingi, kukata tamaa hata kwa mambo yasiyohusu ugonjwa, na kutofurahia chochote. Mtu anayekufa kwa saratani akiletewa mjukuu wake hutabasamu. Mwenye sonona humwangalia mtoto na kugeukia ukutani. Sonona inatibika hata kwa mtu aliyebakiza miezi michache, ingawa dawa nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuonyesha kazi, na kwa hiyo ulinzi hauondolewi siku ya kuanza kidonge.

Maumivu kwanza

Hakuna mtu anayeweza kuamua vizuri juu ya uhai wake akiwa katika maumivu ya 9 kwa 10. Mtulize kwanza, umuulize tena baada ya siku moja au mbili. Wengi hubadili kauli, na wasiobadili angalau unajua kwamba sasa wanaosema ni wao.

Morfini ya maji ya kunywa ndiyo nguzo ya tiba shufaa kwetu, yaani huduma ya kumtuliza mwenye ugonjwa usiopona, na inapatikana katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam na hospisi za Kenya. Hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kusubiri mgonjwa alie. Kosa la wodi nyingi ni kuiandika "ikihitajika", halafu mgonjwa aone aibu kuomba au muuguzi adhani amezoea. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo, kwa kuwa kufunga choo ndiko kunakowafanya wagonjwa wengi waiache. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzoni hupungua baada ya siku chache. Ikiwa figo zimeshindwa, morfini hujikusanya mwilini na kuleta kushtukashtuka na kuvurugika fahamu, kwa hiyo daktari atapunguza au kuibadili. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kupandishwa taratibu, haimharakishi mtu kufa. Ndugu wanaamini kinyume, na ni lazima lisemwe kabla ya chupa ya kwanza.

Pesa nazo zina maumivu yake. Ukisikia "msiuze shamba", mwite afisa ustawi wa jamii kabla ya mtu mwingine yeyote. Tanzania ina utaratibu wa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kenya, tangu Oktoba 2024, mambo ya bima ya umma yako chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mgonjwa aliyeonyeshwa kwa karatasi nini kitalipwa na nini hakitalipwa hulala usingizi tofauti na aliyebaki kukisia.

Kukataa matibabu

Mzee mwenye kisukari, mguu umeoza hadi juu ya kifundo, anakataa kukatwa. Madaktari wamekasirika, watoto wanataka asainiwe kwa nguvu. Anajiua? Usijibu kabla ya kupima uwezo wake wa kuamua. Uwezo huo hupimwa kwa jambo moja na kwa wakati mmoja, na una sehemu nne: kuelewa, kukumbuka alichoelezwa, kukipima na kukihusisha na maisha yake, na kutoa uamuzi wake kwa namna yoyote.

Maswali ni haya. "Mzee, hebu nieleze kwa maneno yako, mguu una nini?" "Ukikatwa kitatokea nini? Usipokatwa je?" "Kwa nini umeona bora hivyo?" Akijibu, "Nitakufa, najua, daktari amesema sumu itaingia kwenye damu. Lakini nina miaka 81, macho hayaoni, sitaki kuzikwa nusu," basi ameelewa na amepima. Unaweza usikubaliane naye, lakini uamuzi ni wake, na kazi yako sasa ni kumtuliza maumivu, kusafisha kidonda kisinuke, na kumwachia mlango wazi akibadili mawazo. Akijibu, "Mguu ni mzima, mnataka kuuuza," hana uwezo leo. Inawezekana ni usaha ulioingia kwenye damu uliomvuruga: mpe antibayotiki na maji, muulize tena kesho asubuhi, wakati ambao vichwa huwa safi zaidi. Na akijibu, "Sistahili kutibiwa, mimi ni mtu mbaya," tafuta sonona kabla ya kuheshimu neno hilo.

Anayeacha kusafishwa damu kwa mashine huwa na siku chache hadi wiki mbili hivi, ikitegemea figo zimebakiza nini. Aambiwe hivyo, na aambiwe pia kwamba usingizi mzito huja kabla na kwamba kukosa pumzi na kuwashwa kunaweza kutulizwa. Wengi wanachoogopa si kifo, ni kukata roho kwa shida, na wakishaelezwa huamua kwa utulivu, upande wowote.

Dini hazipingi jambo hili kama watu wanavyodhani. Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine iondolewe pale madaktari bingwa wanapothibitisha kwamba ubongo umekufa bila kurudi. Kumpa mgonjwa dawa ili afe ni jambo jingine kabisa: Uholanzi, Ubelgiji na Kanada zina sheria zinazoruhusu msaada wa aina hiyo kwa masharti, lakini Kenya na Tanzania haziruhusu, na kumsaidia mtu kujiua ni kosa kubwa la jinai katika nchi zote mbili. Mgonjwa akikuomba, usimkemee. Muulize: "Ni nini hasa kinachokuogopesha kwenye siku zijazo?" Jibu lake ndilo litakaloongoza tiba.

Kikao cha ndugu

Ndugu watakuomba usimwambie mgonjwa. Usigombane nao na usiwaahidi. Waulize wanaogopa nini, kisha muulize mgonjwa mwenyewe: "Mambo ya ugonjwa wako ungependa kuelezwa wewe, au nimweleze mtu mwingine?" Wengine watamtaja mwana mkubwa, na hiyo ni haki yao. Wengi watasema, "Niambie mimi."

Madaktari wakubaliane kabla ya kikao. Hakuna kinachovuruga ukoo kama mmoja kusema wiki mbili na mwingine kusema tutajaribu. Tafuteni chumba, viti vya kutosha, simu zizimwe. Anzeni kwa kuwauliza wao wameelewa nini. Semeni neno "kufa" angalau mara moja, kwa sababu "hali si nzuri" husikika kama "aongezewe damu". Watachagua msemaji mmoja, na jina lake liandikwe kwenye faili. Mpigieni mapema ndugu aliye mbali, wa Dar, Muscat au London: yeye hufika siku ya mwisho, akiwa na majuto ya kutokuwepo, na kudai chumba cha mahututi. Akisikia kutoka kwa daktari kabla ya safari, mara nyingi huja akiwa amekwisha kulia.

Kuhusu kutobonyeza kifua moyo ukisimama: msiliulize kama orodha ya dukani, "Mnataka tumfufue?" Nani atasema hapana? Semeni hivi: "Moyo wake utasimama kwa sababu ugonjwa umeumaliza mwili. Kubonyeza kifua hakutamrudisha, kutamvunja mbavu. Tunashauri tusifanye hivyo, tumshike mkono." Kisha orodhesheni kinachoendelea: morfini, kumgeuza kila baada ya saa 2, kusafisha kinywa, kumpaka mafuta, sala. Ndugu wakisikia "hatutafanya" pekee huelewa "tumemtupa".

Ugomvi wa mwisho huwa ni uji. Mtu anayekaribia kufa hasikii njaa, na anayelishwa kwa nguvu huvutia uji mapafuni. Mpe mwana kijiko cha maji, pamba na mafuta ya midomo. Anahitaji kufanya kitu.

Kuruhusiwa nyumbani

Kwa aliyekuwa na mawazo ya kujiua, au aliyelazwa kwa kujaribu, wiki ya kwanza hadi mwezi wa kwanza baada ya kutoka ni kipindi cha hatari kuliko vingine vyote. Karatasi ya dawa na "rudi baada ya miezi mitatu" haitoshi.

Kabla hajavua gauni la wodi, andikeni pamoja, kwa mkono wake kama anaweza, karatasi moja: dalili zinazomwonyesha kwamba mawazo yanarudi, anachoweza kufanya mwenyewe kujituliza, mahali na watu wa kumchangamsha, watu wawili wa kuwaambia ukweli, kituo cha kwenda na namba yake, na namna nyumba itakavyofanywa salama. Hilo la mwisho lifanywe na ndugu siku hiyohiyo: sumu za shamba zitolewe nyumbani au zifungiwe kwa jirani, dawa zishikwe na mtu mwingine na zitolewe za wiki moja tu. Wazo kali la kujiua mara nyingi hudumu muda mfupi, na umbali kati ya mtu na kitu cha kujidhuru humpa nafasi ya kupita.

Kisha wasilianeni naye. Utaratibu uliopimwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu 1,867 katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, matokeo yakachapishwa 2008, ni mazungumzo ya muda wa saa moja kabla ya kutoka, na mawasiliano 9 baadaye: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, kisha mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Waliofuatiliwa hivyo, waliojiua walikuwa asilimia 0.2, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 2.2. Kazi yote inaweza kufanywa na muuguzi mwenye simu na daftari lenye mistari tisa.

Chukua namba tatu: yake, ya anayelala naye nyumba moja, na ya jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Piga jioni, watu wakiwa wamerudi. Uliza usingizi, dawa, karatasi iko wapi, halafu uliza lile swali kwa neno lenyewe. Simu isipopokelewa mara mbili siku hiyo, piga ya pili. Ya pili isipopatikana, mhudumu wa jamii aende nyumbani kesho yake asubuhi.